Mita ishirini kwenye Ngong Road: uchambuzi wa ajali moja ya baiskeli ya umeme

Kisa kinachochambuliwa hapa kilitokea kwenye Ngong Road jijini Nairobi, kati ya Dagoretti Corner na Adams, jioni moja ya msimu wa vuli, muda mfupi baada ya manyunyu kukatika. Kijana anayepeleka dawa kwa wateja wa duka moja la dawa aligonga ubavu wa gari dogo lililokuwa likikata kushoto kuingia kituo cha mafuta. Alianguka, akavunjika mtulinga wa kushoto na kupasuka juu ya jicho. Baiskeli aliyokuwa akiendesha ilikuwa ya umeme. Dereva hakukimbia, na watu waliokusanyika waligawanyika papo hapo: wengine walisema dereva hakuangalia, na wengine walisema vijana wa siku hizi wanaendesha baiskeli kana kwamba ni pikipiki.

Kwa kuwa kazi yangu ni kutengeneza baiskeli za aina hii, mwajiri wa kijana aliniomba niikague. Nilizungumza na kijana mwenyewe, nikazungumza na dereva, na nikaenda kusimama mahali pale saa ileile ya jioni ili nione jinsi magari yanavyoingia kituoni. Nimeona vema kukiandika kisa chote kwa sababu kauli zile mbili za barabarani, ingawa kila moja ina chembe ya ukweli, zinaliacha pembeni jambo lililoleta ajali. Baiskeli ya umeme ina sura ya baiskeli lakini ina mwendo unaokaribia ule wa pikipiki ndani ya mji, na kila aliye barabarani, akiwemo anayeiendesha, hukadiria muda alio nao kwa kuangalia sura. Muda huo unapokadiriwa vibaya, hakuna mtu anayegundua kosa mpaka nafasi ya kusahihisha iwe imekwisha.

Mahali na tukio

Ilikuwa yapata saa moja kasorobo. Anayeijua Nairobi anajua kwamba hapa, karibu kabisa na ikweta, giza haliji polepole. Jua likishatua, nusu saa baadaye ni usiku kamili, mwezi wowote wa mwaka. Barabara ilikuwa imelowa bila kuoshwa, na hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote kwa tairi, kwa kuwa manyunyu mepesi huchanganya vumbi na mafuta yaliyodondoka kwenye lami, yakawa utando wa utelezi, ilhali mvua kubwa huuondoa.

Ngong Road ilipopanuliwa kutoka upande wa mjini hadi Dagoretti Corner ilijengewa pembeni njia ya waendao kwa miguu na ya baiskeli, na kijana alianza safari yake kwenye njia hiyo. Mbele yake palikuwa na bodaboda waliosimama kusubiri abiria, meza ya matunda, na umati wa watu waliokuwa wakitoka kazini. Alitoka kwenye njia ya pembeni akaingia barabarani. Wapo walioniambia kwamba hapo ndipo alipokosea, nami sikubaliani nao hata kidogo. Kupita katikati ya watoto, kina mama wenye mizigo na wazee kwa mwendo wa baiskeli ya umeme ni hatari kwa watu wasioweza kujikinga, na mwendeshaji anayeona njia imejaa ana mambo mawili tu ya heshima ya kufanya: apunguze mwendo hadi ule wa mtu anayetembea, au aende kwenye barabara ya magari na afuate taratibu zake. Alichagua la pili. Tatizo lilikuwa namna alivyolifanya, kwa maana alijibana ukingoni kabisa, karibu na mfereji, akabaki na mwendo wake wa kilomita 30 kwa saa, ambao kwa maelezo yake ndio mwendo wake wa kawaida kwenye mteremko ule unaoelekea mjini.

Mwendeshaji anayejibana ukingoni humwambia dereva, bila kutamka neno, kwamba nafasi iliyobaki ni yake. Dereva hupita, na akitaka kukata kushoto hukata mbele ya baiskeli kwa sababu mawazoni mwake baiskeli imeshatoka katika hesabu. Ndivyo ilivyokuwa. Gari lilimpita kijana, likapunguza mwendo, indiketa ikawashwa, likaanza kuingia kituoni, kisha likasimama likiwa limekingama kwa sababu watu walikuwa wakivuka lango kwa miguu. Kijana alifunga breki, gurudumu la nyuma likateleza, akagonga nyuma kidogo ya mlango wa kushoto.

Dereva, mzee mwenye umri wa kustaafu, alinieleza kwa masikitiko: "Nilimwona vizuri, fundi. Nilimpita, nikajua nimemwacha mbali." Ninamwamini. Wengi wetu tunafikiri kwamba usalama wa mwenye baiskeli unamalizika anapoonekana, na ndiyo maana ushauri unaotolewa kwa kawaida ni jaketi la kuakisi mwanga na taa. Katika kisa hiki mwenye baiskeli alionekana. Kilichokosewa ni makadirio ya atakuwa wapi sekunde tatu baadaye.

Hesabu ya mita ishirini

Kwa kulinganisha maelezo ya wote wawili na alama walizonionyesha, ninakadiria kwamba gari lilipoanza kukata, baiskeli ilikuwa mita 20 nyuma yake. Baiskeli ya kawaida yenye mzigo, kwa mtu asiye na haraka, hutembea karibu kilomita 15 kwa saa, yaani mita nne na kidogo kwa sekunde, na ingehitaji takriban sekunde 4.8 kufika pale gari lilipokuwa. Huo ndio muda ambao dereva, kwa mazoea ya miaka mingi ya kupita baiskeli, alidhani anao. Kwa kilomita 30 kwa saa baiskeli hukata zaidi ya mita nane kila sekunde, na mita 20 huisha kwa sekunde 2.4. Nusu ya muda ilikuwa imetoweka kabla mtu yeyote hajafanya jambo lolote la ajabu.

Tuigeukie hesabu ya mwendeshaji. Mtu asiyetarajia hatari huchukua karibu sekunde moja na nusu kuiona, kuielewa na kuanza kubana breki. Katika muda huo, kwa kilomita 30 kwa saa, kijana alikuwa ameshasafiri mita 12.5, akabakiwa na mita saba na nusu tu. Kwenye lami yenye utelezi, hata kwa breki nzuri za mbele na nyuma, baiskeli ya aina ile ingehitaji takriban mita 11 au 12 zaidi ili isimame. Kwa hiyo hata kama breki zake zingekuwa safi, angegonga, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi.

Sasa tuupunguze mwendo na tuache mengine yote yalivyo. Kwa kilomita 25 kwa saa, umbali wa kutambua na umbali wa kusimama kwa pamoja ni kama mita 18, na angesimama akiwa karibu sana na gari, moyo ukimdunda, lakini mzima. Kwa kilomita 20 kwa saa angehitaji mita 13 na nusu hivi, na angebakiwa na nafasi ya zaidi ya urefu wa gari dogo. Hesabu hizi zinategemea makadirio, lakini tofauti kati ya mwendo na mwendo haitegemei bahati, kwa sababu umbali wa kusimama huongezeka kwa mraba wa mwendo: anayeongeza mwendo kwa nusu huongeza umbali wa breki zaidi ya mara mbili. Katika nchi za Umoja wa Ulaya baiskeli ya umeme inayohesabiwa kisheria kuwa baiskeli huwa na mota isiyozidi wati 250 na msaada wake hukatika inapofika kilomita 25 kwa saa. Nilipoona matokeo ya mita 20 zile nilielewa kwa nini namba hiyo inafaa kuheshimiwa hata mahali ambapo hakuna anayeilazimisha. Mota ya kijana ilikuwa na uwezo wa kuwekewa kikomo hicho kupitia skrini yake ndogo, na fundi aliyeifunga alikuwa amekiondoa, kwa kuwa mteja hupenda baiskeli inayokimbia.

Jambo jingine ambalo hesabu hii inalifichua ni thamani ya vidole. Mwendeshaji ambaye tayari ana vidole juu ya mikono ya breki, na ambaye anatazamia kwamba gari lililompita sasa hivi mbele ya lango huenda likakata, anaweza kupunguza ile sekunde moja na nusu ikawa karibu sekunde moja. Kwa mwendo wa kilomita 25 hiyo ni mita tatu na nusu anazojirudishia bila kununua kifaa chochote.

Breki na mota

Ukaguzi wa baiskeli ndio ulionisikitisha zaidi, kwa sababu hapa palikuwa na kasoro ambayo kijana hakuweza kuijua. Ilikuwa baiskeli ya gia ya kawaida iliyofungwa mota katika habu, yaani kitovu, ya gurudumu la nyuma, na betri ya volti 36 ikawekwa juu ya keria, chini ya sanduku la dawa. Mota za aina hiyo, zile za bei ya chini, huwa na sensa karibu na pedali inayotambua kama pedali zinazunguka. Pedali zikisimama, mota haizimiki papo hapo. Hupita kitambo kidogo, mara nyingi sehemu ya sekunde, kabla kidhibiti hakijaukata umeme. Kwa sababu hiyo seti kamili ya vifaa huja na mikono ya breki yenye swichi ndani yake: mkono unapobanwa kidogo tu, hata kabla raba haijagusa ringi, umeme wa mota hukatwa.

Mikono hiyo haikufungwa. Nilipochunguza nikaona sababu, nayo ni ya kawaida sana katika karakana zetu. Baiskeli nyingi za bei nafuu zina mkono wa breki ulioungana na kibadilishia gia katika kifaa kimoja, kwa hiyo anayetaka kuweka mkono mpya wa breki hulazimika kununua na kibadilishia gia kipya. Fundi aliona gharama inaongezeka, akaiacha mikono ya zamani, na waya wa swichi ukabaki umeviringishwa ndani ya mfuko wa kidhibiti. Ipo njia isiyo na gharama kubwa, ambayo ni kufunga sensa ndogo ya sumaku kwenye mkono uliopo au sensa inayokaa kwenye waya wa breki, na kazi hiyo haimalizi saa moja. Ninawasihi mafundi wenzangu wasimkabidhi mtu baiskeli ya mota bila kifaa hicho, na ninamsihi mnunuzi aliulize jambo hili kabla ya kuulizia betri inafika kilomita ngapi. Kupima ni rahisi: inua gurudumu la nyuma, zungusha pedali mpaka mota iwake, kisha gusa breki kidogo tu huku mkono ukiendelea kuzungusha pedali. Mota isipokata mara moja, baiskeli hiyo haiko tayari kwa barabara.

Nusu sekunde ya mota kuendelea kusukuma, kwa mwendo wa kijana, ni mita nne. Tukiziondoa katika zile saba na nusu, aliachiwa mita zisizozidi nne za kupunguza mwendo kwa breki, na breki zenyewe hazikuwa nzima. Raba za nyuma zilikuwa zimelika, na za mbele hazikuwa zikiguswa sana, kwa kuwa kijana, kama wengi waliojifunza baiskeli mtaani, alifundishwa kuiogopa breki ya mbele isije ikampindua. Hofu hiyo haikosi msingi kwa mtu anayeibana kwa kushtuka. Hata hivyo, chombo kinapopunguza mwendo uzito huhamia mbele, gurudumu la nyuma hupungukiwa na mshiko, na sehemu kubwa ya uwezo wa kusimama huwa mbele. Aliyebana nyuma peke yake kwenye lami yenye utelezi lazima ateleze. Ninakadiria kwamba aligonga akiwa bado na kilomita zipatazo 27 kwa saa, wakati ambapo breki nzuri zenye swichi zingemfikisha pale akiwa na takriban 18. Nguvu ya mgongano wa kwanza ni zaidi ya maradufu ya ule wa pili, na kwa mfupa wa mtulinga hiyo ni tofauti kubwa.

Tulizibadilisha raba zote, tukafunga sensa za sumaku, tukahamisha mahali pa betri kutoka kwenye keria hadi katikati ya fremu ili uzito ushuke na usogee mbele. Nilishauri pia breki za diski, ambazo hazisubiri maji yafutwe kwenye ringi ndipo zishike, lakini fremu ile haikuwa na sehemu ya kuzifunga, na sikuona busara ya kuchomelea kipande kwenye fremu nyembamba. Mwenye breki za raba anapaswa kuzibana kidogokidogo mara kwa mara mvua inaponyesha ili ringi ikauke kabla ya haja kubwa kutokea.

Kuhusu taa na helmeti nina machache. Taa ya mbele ilikuwa ile ndogo ya kumetameta, na katika kioo cha dereva kilichojaa taa za matatu na malori, nukta inayometameta haionyeshi umbali wala mwendo. Taa isiyometameta, yenye nguvu, iliyounganishwa na betri kuu, inafaa zaidi. Helmeti alikuwa nayo, lakini mkanda wake ulikuwa umelegea kiasi cha kuirudisha nyuma alipoanguka, ndipo akapasuka juu ya jicho. Mkanda uliofungwa sawasawa huruhusu vidole viwili tu chini ya kidevu.

Betri baada ya ajali

Sehemu hii ya kisa ingeweza kuwa mbaya kuliko ajali yenyewe. Kijana alipopelekwa hospitalini, ndugu yake aliichukua baiskeli hadi nyumbani Kawangware, chumba kimoja chenye mlango mmoja, akaiweka betri chini ya kitanda, na usiku ule akataka kuichaji ili baiskeli iwe tayari. Ganda la betri lilikuwa limepasuka upande mmoja na kubonyea.

Betri ya lithiamu iliyobonyea huweza kukaa kimya kwa saa nyingi, hata siku, kisha ikaanza kupata joto kwa ndani pale ambapo tabaka zilizotakiwa kutenganishwa zimegusana. Joto hilo huchochea mabadiliko ya kikemikali yanayozalisha joto zaidi, seli moja huwasha nyingine, na moshi unaotoka ni wa sumu. Moto wa namna hiyo ukiwaka karibu na mlango pekee wa chumba, waliolala ndani hawana pa kupita. Kwa bahati njema kijana alinitajia jambo hilo kwa simu, na nikamwomba ndugu yake aitoe betri nje mara moja, aiweke juu ya saruji, mbali na nguo, mbao na ukuta wa mabati wa jirani, na asiichomeke kwenye umeme kwa hali yoyote. Baadaye ilipelekwa kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.

Ukaguzi wa chaja ulionyesha hatari nyingine iliyokuwa inasubiri. Betri ya volti 36 hujaa inapofika volti 42, na chaja yake lazima iwe imeandikwa 42. Nyumbani kwao palikuwa na chaja mbili zenye plagi inayofanana, moja yake ikiwa ya betri ya volti 48, ambayo hutoa volti 54.6. Niliomba kila moja iandikwe kwa kalamu ya wino mzito na ile isiyo ya betri hiyo itolewe chumbani. Tangu hapo wanachaji mchana, mtu akiwa macho, na betri ikiwa upande wa ndani wa chumba, mbali na mlango.

Malipo kwa kila oda

Mwajiri alidhani nimemaliza nilipomkabidhi baiskeli iliyotengenezwa, nami nilimwomba tukae tuzungumze kuhusu malipo. Kijana alikuwa akilipwa kwa kila oda, na oda iliyochelewa ilikatwa. Mtu aliyewekewa utaratibu huo atakiondoa kikomo cha mwendo hata ukimfungia mara kumi, na kumlaumu yeye peke yake ni kumwonea. Mwajiri, ambaye si mtu mbaya, alijitetea kwamba wateja wa dawa hawawezi kusubiri.

Tulichukua safari yake ya kawaida, ya kilomita tano hivi kutoka Dagoretti Corner hadi upande wa Hurlingham. Kwa kilomita 30 kwa saa bila kusimama popote ni dakika 10, na kwa 25 ni dakika 12. Kwa kuwa hakuna anayefika Hurlingham jioni bila kusimama kwenye taa na foleni, tofauti halisi ni ndogo zaidi. Dakika mbili ndizo zilizokuwa zikinunuliwa kwa ajali za namna hii. Mwajiri alikubali kikomo cha 25 kirudishwe kwenye skrini, makato ya kuchelewa yaondolewe, na sehemu ya malipo iwe ya kila siku hata oda zikiwa chache. Gharama za hospitali alizilipa yeye, na rangi ya mlango wa gari dereva alikataa kulipwa.

Kijana alirudi kazini mfupa ulipounga. Kabla ya kumruhusu aingie Ngong Road tulikwenda kwenye uwanja wenye murramu na kipande cha lami, akafanya mazoezi ya kubana breki ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, kwa nguvu inayoongezeka taratibu, lami ikiwa kavu kisha ikiwa imemwagiwa maji, mpaka mkono ukazoea. Anapokaribia lango la kituo cha mafuta au la duka kubwa sasa hutazama nyuma, huonyesha mkono, na huingia katikati ya njia ya kushoto akiwa na kilomita 20 kwa saa, ili anayetaka kukata akate nyuma yake. Gari likishampita karibu na lango, haiangalii indiketa, ambayo madereva wengi huiwasha wakiwa wameshaanza kukata. Huangalia tairi la mbele la gari, kwa kuwa hilo halina budi kugeuka kwanza.